Nani wa Kumtia Mgonjwa Majini?

Kinampanda ni mahali pa juu penye upepo, katika nchi ya Wanyiramba, mkoani Singida. Toka huko hata pwani ni safari ya zaidi ya kilomita 700, na wako wazee wa pale waliofika miaka themanini pasipo kuiona bahari hata siku moja. Maji ya chumvi wayajuayo ni yale ya ziwa la Singidani, yang'aayo vizuri kwa mbali lakini hayamkati mtu kiu.

Jioni moja, barazani pa nyumba mojawapo ya huko, mwalimu mmoja alikuwa akimsomea baba mkwe wake habari za Waingereza wa karne ya 18. Alikuwa akitayarisha somo la historia. Naye mzee, ambaye macho yake hayasomi tena, hupenda kusomewa chochote kile, hata bei za alizeti. Habari yenyewe ilikuwa hii: kwamba zamani hizo watu wa Uingereza wenye mali walisafiri mpaka pwani, wakalipa fedha ili wazamishwe alfajiri katika maji ya baridi, kisha wakanywa bilauri nzima ya maji ya bahari kama dawa. Mzee alicheka hata akakohoa.

"Mkwe wangu, wakayanywa kweli?"

"Wakayanywa, baba. Na tabibu akaandika kitabu."

"Na wakalipa?"

"Wakalipa."

Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akasema neno ambalo mwalimu hakulitazamia: "Basi si mimi peke yangu. Mwaka ule wa kikombe niliuza maksai wangu wawili. Wewe uliyesoma niambie: nilitenda dhambi, au nilikuwa mjinga tu?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Ametuandikia sisi, akatupa ruhusa kuyatoa haya gazetini mradi tusitaje majina. Twamshukuru. Swali la mzee si dogo, wala si lake peke yake. Nyumba nyingi katika nchi hii zina swali hilo, limefunikwa kama chungu kisichotakiwa kuonwa na wageni. Hatutaweza kulijibu kwa neno moja. Yafaa kwanza tuwatazame hao Waingereza vizuri kuliko walivyotazamwa barazani jioni ile, maana mtu achekaye upesi aghalabu huwa hajaona vizuri.

Kwa muda mrefu Waingereza wa mijini hawakuitamani bahari. Ilikuwa mahali pa wavuvi, pa mabaharia, na pa kufa. Mgonjwa mwenye uwezo alikwenda kwenye chemchemi za bara, kama zile za Bath, ambazo maji yake ya moto yalijulikana tangu enzi za Warumi. Huko Scarborough, mji wa kaskazini ambao chemchemi yake iko ufukoni kabisa, watu walianza kidogo kidogo kuingia baharini pia. Na picha iliyochorwa mwaka 1735 yaonyesha tayari kibanda cha magurudumu majini na watu wakioga. Lakini aliyeifanya bahari kuwa duka la dawa alikuwa Dk. Richard Russell, tabibu wa Lewes. Mwaka 1750 alitoa kitabu kwa Kilatini juu ya matumizi ya maji ya bahari katika magonjwa ya tezi, hasa ule uvimbe wa shingo ambao leo twajua kuwa mara nyingi ni kifua kikuu kilichoshika tezi. Kitabu kikafasiriwa upesi kwa Kiingereza. Na mwaka 1753 tabibu mwenyewe akajenga nyumba kubwa ufukoni pa Brighthelmstone, mji uitwao sasa Brighton, apate kuwa karibu na dawa yake na karibu na wagonjwa wake.

Mji huo ulikuwa maskini. Uvuvi ulikuwa umefifia, na tufani kuu ya mwaka 1703 ilikuwa imeubomoa vibaya. Wageni wa Russell waliufufua. Mwaka 1783 akaja mwana wa mfalme, yule ambaye baadaye alitawala kwa jina la George wa Nne, na kutoka hapo kila aliyejihesabu kuwa mtu alitaka kuonekana Brighton, awe mgonjwa au asiwe. Hata mfalme mwenyewe, George wa Tatu, alipopata nafuu ya ugonjwa wake wa akili, alikwenda kuoga Weymouth mwaka 1789. Mwandishi Fanny Burney, aliyekuwa akimtumikia malkia, ameeleza jinsi mfalme alivyozamisha kichwa majini, na papo hapo wapiga muziki waliokuwa wamewekwa katika kibanda cha jirani wakapiga wimbo wa kumwombea. Twakiri kwamba hapo hata sisi tulicheka.

Namna ya kuoga kwenyewe haikuwa starehe. Mgonjwa aliamshwa kabla ya jua, tena afadhali majira ya baridi, kwa maana matabibu walidhani kwamba baridi hukaza mwili uliolegea. Huyo Burney alioga Brighton mwezi wa Novemba mwaka 1782, bado mwezi ukiwa mbinguni. Mtu aliingia katika kibanda cha mbao chenye magurudumu, akavua nguo zake humo gizani huku farasi akikikokota kibanda kuingia majini. Kule Margate mtu mmoja wa dhehebu la Marafiki, wale wanaojulikana sana kwa jirani zetu wa Kaimosi nchini Kenya, jina lake Benjamin Beale, alibuni pazia la turubai la kushushwa nyuma ya kibanda mpaka majini ili mwogaji asionwe. Mlango ulipofunguliwa, pale chini mtu alikuwa amesimama akingoja, maji yakimfika kiunoni: kwa wanawake, mwanamke, kwa wanaume, mwanamume. Watu hao tuwaite wazamishaji. Kazi yao ilikuwa kumpokea mgonjwa mikononi, kumzamisha ghafula mara kadhaa, na kumrudisha ngazini akiwa hai. Mwenye sifa kuliko wote pale Brighton alikuwa mama mmoja, Martha Gunn, aliyezaliwa mwaka 1726 akafariki mwaka 1815. Hakuwa mtu wa ukoo mkubwa. Alisimama katika maji yale ya baridi siku nyingi kuliko mgonjwa yeyote, na mabibi wakubwa wakajitia mikononi mwake wakitetemeka kama watoto.

Kisha mgonjwa alikwenda kunywa maji yake. Dk. John Awsiter, aliyejenga hamamu ya maji ya bahari katika mji huo mwaka 1769, aliona afadhali yachanganywe na maziwa ili yashuke. Msomaji aliyewahi kumeza maji ya bahari kwa bahati mbaya huko Tanga au Dar es Salaam hahitaji kuelezwa yaliyofuata tumboni.

Je, watu hao walikuwa wajinga? Sisi twasema sivyo. Walikosea, na kukosea ni jambo jingine. Kijidudu cha kifua kikuu hakikujulikana mpaka Robert Koch alipokionyesha mwaka 1882, na dawa ya kukiua haikupatikana kabla ya miaka ya 1940. Mtu wa karne ya 18 aliyevimba shingo alikuwa na milango mingapi ya kubisha? Tabibu mmoja alimtoa damu, wa pili alimtapisha, wa tatu alimharisha. Aliyemwambia, nenda pwani ukavute hewa safi, alikuwa amemwambia jambo la upole kuliko wenzake wote. Mfa maji hukamata maji. Nasi tulio nchi kavu hatuna haki ya kumcheka kwa sababu alichokishika hakikuwa mti.

Basi matumaini ya mgonjwa si dhambi. Lakini matumaini yana bei, na penye bei hapakosi mwenye duka. Kodi za nyumba zilipanda. Uwanja ambapo wavuvi wa Brighton walikuwa wakianika nyavu zao tangu enzi za mababu uligeuka mahali pa wageni kutembelea jioni, nao wavuvi wakasukumwa pembeni kidogo kidogo na nyavu zao. Wale waliozaliwa na dawa hiyo mlangoni pao wakawa wa mwisho kufikiriwa. Wasomaji wetu wa Kunduchi, Nungwi na Malindi hawatashangaa sana.

Na habari hiyo ingeishia hapo, ingekuwa habari ya matajiri na upuzi wao, wala tusingepoteza karatasi kwa ajili yake. Lakini pana mtu mwingine, naye ndiye aliyetufanya tuichukue barua ya mwalimu na kuijibu mahali hapa. Jina lake ni Dk. John Coakley Lettsom. Alizaliwa mwaka 1744 katika kisiwa kidogo cha bahari ya Karibi, katika nyumba ya watu wa Marafiki waliokuwa na watumwa. Mwaka 1767, alipowarithi watumwa wa baba yake, aliwaacha huru. Baadaye akawa tabibu wa sifa mjini London, akawa mmoja wa walioanzisha mwaka 1770 zahanati ya kuwatibu maskini wa mji huo.

Lettsom aliamini juu ya bahari karibu yale yale aliyoyaamini Russell. Katika elimu yake ya maji ya chumvi hakumzidi mwenzake. Lakini alipoutazama ufuko uliojaa mabibi na mabwana, aliuliza swali ambalo wengine hawakuliuliza: ni nani asiyekuwapo hapa? Hawakuwapo watoto wa vichochoro vya London, ambao tezi zao zilivimba kuliko za mtu yeyote, kwa maana kifua kikuu hufuata njaa na chumba kisicho na dirisha. Kama maji haya ni dawa, akasema moyoni, basi wenye kuyahitaji zaidi ndio wasioyapata. Mwaka 1791 alianzisha mpango wa hospitali ya kuogea baharini kwa ajili ya maskini, huko Margate. Margate ulifaa kwa sababu ya jahazi zake: zilipeleka nafaka London, na wakati wa kurudi zikachukua abiria kwa nauli ndogo. Hospitali ilifunguliwa mwaka 1796. Ilijengwa na baraza zilizo wazi upande wa bahari, na wagonjwa wakalazwa humo katika hewa ya nje. Iliendelea kupokea wagonjwa, kwa namna moja au nyingine, mpaka mwaka 1996. Yaani miaka 200.

Sasa tufikiri pamoja. Ni kitu gani kilichowafaa watoto wale? Chumvi haikuwaponya. Walipewa kitanda chao peke yao, chakula kila siku, jua, hewa isiyo na moshi, na mtu wa kuwaangalia usiku. Wengine walipata nafuu ambayo wasingeipata vichochoroni, na wengine walikufa. Elimu ya Lettsom ilikuwa na kosa, na hata hivyo tendo lake lilikuwa jema, tena likazaa mema. Elimu ya Russell ilikuwa na kosa lile lile, lakini mlango wake ulifunguka kwa mwenye mfuko. Hivyo hatuwezi kumpima mtu kwa kuuliza tu kama alichokiamini juu ya dawa kilikuwa sahihi. Yapasa tuulize pia alimchukua nani pamoja naye.

Kila Mkristo alikwisha kulisikia jambo hili, maana limo katika Injili ya Yohane. Katika birika la Bethzatha walilala wagonjwa wengi wakingojea maji yatibuke, na mmoja wao alikuwa ameugua miaka thelathini na minane. Alipoulizwa kama ataka kuwa mzima, hakusema habari za ugonjwa; alilalamika kwamba hana mtu wa kumtia birikani. Miaka yote hiyo wenye ndugu walimtangulia. Twafikiri kwamba Martha Gunn, ingawa alilipwa kwa kazi yake, angelielewa neno hilo upesi kuliko matabibu waliomletea wateja.

Turudi nyumbani. Nasi tulikuwa na Margate yetu. Mwaka 1926, huko Kibong'oto, katika miteremko ya Kilimanjaro, ilianzishwa hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, wakati ambapo tiba yenyewe ilikuwa zaidi hewa ya mlima, mapumziko na chakula. Wako wazee wetu waliokwenda huko wakakaa miezi na miezi, mbali na wake zao na mashamba yao. Zilipopatikana dawa za kweli, hewa ya mlima haikuwa tena ndiyo tegemeo; na tangu mwaka 1977, nchi yetu ilipoanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma kwa msaada wa Dk. Karel Styblo, kazi kubwa imekuwa kumpelekea mgonjwa vidonge karibu na kwake na kuhakikisha kwamba anavimeza mpaka mwisho. Jambo hilo halina wimbo wala wapiga muziki. Hata hivyo mataifa mengi yamejifunza utaratibu huo kutoka Tanzania, na twapenda vijana wetu walijue hilo kama wajuavyo majina ya wachezaji wa mpira.

Kisha ukaja mwaka 2011. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, marehemu Ambilikile Masapila, aliyefariki mwaka 2021, alisema kwamba ameonyeshwa katika ndoto mti wa kuponya magonjwa sugu: kisukari, pumu, shinikizo la damu, saratani, hata UKIMWI. Mizizi ilichemshwa, na kila mtu akapewa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Nchi nzima ilisimama ikaelekea huko, na majirani zetu wakatufuata. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi katika vumbi, watu wakalala ndani yake siku baada ya siku, na magazeti ya wakati huo yalitaja watu zaidi ya 50 waliokufa wakingoja zamu. Wakubwa walikwenda kwa helikopta. Wakashuka, wakanywa, wakapigwa picha, wakapanda tena.

Kikombe chenyewe kilikuwa shilingi 500, na hakuna awezaye kusema kwamba hiyo ni bei ya ulanguzi. Bei ilikuwa njiani: nauli, maji, chakula, mahali pa kulala. Toka Kinampanda, kwa njia ya Singida, Babati na Mto wa Mbu, hadi Samunge, mzee wetu alitumia maksai wawili kati ya wanne aliokuwa nao. Mkewe alikuwa na kisukari mwaka wa sita. Walikwenda wote wawili. Walikaa kwenye foleni siku saba. Mzee alimpikia uji kando ya gari, akamfunika kwa koti lake usiku, akamshika mkono alipokwenda vichakani. Alimwambia mwalimu kwamba katika siku hizo saba waliongea kuliko walivyoongea katika miaka mingi ya ndoa yao. Na alipofika hapo katika kusimulia, alimwomba mwalimu aendelee kusoma habari za Waingereza.

Sasa swali lake. Je, alitenda dhambi? Mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hili si magumu kama watu wadhanivyo. Papa Pius wa 12, alipozungumza na matabibu mwezi wa Novemba mwaka 1957, alieleza kwamba mtu amefungwa kutunza uhai kwa njia za kawaida, zisizomlemea yeye au mwenzake kupita kiasi; hafungwi kwenda mbali zaidi ya hapo, lakini hakatazwi, mradi asiache wajibu ulio mkubwa zaidi. Mzee hakuacha wajibu huo. Alibakiza maksai wawili wa kulimia, na mwaka huo watoto wake hawakulala njaa. Alichokiuza kilikuwa chake, na aliyemuuzia alikuwa mkewe wa ndoa. Hapa hatuoni dhambi. Ujinga je? Aliona mawaziri wakinywa. Aliona watu waliosoma, wenye suti, wakinywa. Mkulima wa Iramba awezaje kudaiwa kwamba alipaswa kuona wasichokiona hao? Lawama ya siku zile, kama yapasa kugawanywa, twaiweka kwanza kwa wale waliokuwa na elimu na madaraka, wakakiendea kikombe mbele ya macho ya watu, kisha hawakusema neno lolote kuwaambia wanyonge waliowafuata kwamba wasiache dawa zao za hospitali. Maana hao wakubwa, twathubutu kufikiri, hawakuziacha za kwao.

Na hapo ndipo tunapofika mahali pagumu, ambapo mzee hakutufikisha, bali mwalimu mwenyewe katika ukurasa wa mwisho wa barua yake.

Mama yule alirudi kutoka Samunge amechangamka. Majuma machache baadaye mwalimu alikwenda kuwaamkia wakwe zake, akaona juu ya kabati pakiti ya vidonge vya kliniki imejaa vumbi, haijafunguliwa. Akajua. Alikuwa amesoma biolojia. Alijua kisukari ni nini na sukari hufanya nini katika damu isipozuiwa. Mama alimwona akitazama, akasema, "Nimeshapona, mwanangu, nitavila vya nini?" Naye, kwa heshima ya ukwe, akainamisha kichwa, akasema, "Tunamshukuru Mungu, mama." Kidonda cha mguu kilianza mwezi wa Novemba. Alizikwa kabla ya mavuno.

Mwalimu anatuuliza: mzee ameuliza juu ya dhambi yake, je, yangu?

Hatutamwambia mtu huyu kwamba alimuua mama mkwe wake, kwa kuwa si kweli; hata wenye kumeza vidonge vyao kila siku hufa, na aliyeviacha alikuwa mtu mzima mwenye akili zake. Lakini hatutamfariji kwa uongo pia. Heshima ya ukwe ni jambo zuri na la zamani, imezilinda nyumba zetu na maneno mengi mabaya, nasi si miongoni mwa wale watakao kuitupa kwa sababu wazungu hawana ya namna hiyo. Hata hivyo heshima ni kwa ajili ya mtu anayeheshimiwa. Ikimwacha azame peke yake, imekuwa kitu kingine ambacho kimevaa nguo zake. Kulikuwa na njia. Angeweza kumtuma mkewe, ambaye ni binti wa nyumba ile. Angeweza kwenda kwa mzee kando, kwa lugha ya kuomba. Angeweza kumleta mganga wa zahanati kana kwamba amepita tu kusalimu. Watu wetu ni mabingwa wa kusema bila kusema, na ufundi huo haukutumiwa siku ambayo ulihitajika kuliko siku zote. Elimu aliyokuwa nayo mwalimu haikuwa mali yake peke yake. Palikuwa na mtu amesimama mlangoni pa kibanda, bahari mbele yake, naye aliyejua kina cha maji alikaa kimya kwa adabu.

Wengine watatujibu kwamba mama asingesikia. Huenda. Wengi hawakusikia mwaka ule. Lakini kama mtu atasikia au hatasikia ni jambo la msikiaji. Mwenye kujua alikuwa na neno moja la kutoa, na hilo lilibaki kinywani mwake. Tumeulizwa tuseme ukweli, nasi twausema kwa huzuni, kwa maana katika kila nyumba yetu sisi waandishi pana kabati lenye pakiti kama ile.

Twaona pia, na tulipite upesi, kwamba wako wanaodhani dawa ya haya yote ni kuwacheka watu wa Samunge mpaka waone haya. Kicheko hakijamfikisha mtu kliniki. Mwenye kuchekwa huficha tu vikombe vyake, akanywa gizani, na mara ya pili hamwambii mtu anakokwenda.

Barua ya mwalimu ilikuwa na maneno machache yaliyoandikwa pembeni, kwa kalamu nyingine, baada ya yeye kutia sahihi. Tunayatoa kama yalivyo, kwa kuyafupisha kidogo. Mzee sasa miguu yake humfa ganzi, na usiku huamka mara nne kwenda nje. Amekataa kupimwa, asema maksai wamekwisha na hataki safari nyingine. Mwalimu alimweleza kwamba safari hii si ya maksai, ni ya Kiomboi tu, na kliniki ya kisukari ni siku ya Alhamisi. Mzee alifikiri, kisha akauliza jambo moja: "Nikiingia kwa daktari, wewe utabaki nje na pikipiki?" Mwalimu alimwambia kwamba pikipiki ataiacha kwa kijana mlangoni, na kwamba wataingia wote wawili.